Nisomee majitaka mpaka uprofesa, au nichukue kazi kwanza?

Swali: Shikamoo Profesa. Nina miaka 24, namaliza shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi. Mwalimu aliyenisimamia mradi wa mwaka wa mwisho anataka nibaki nisome uzamili chini yake kwenye kutibu majitaka, na anasema nikitulia naweza kufika uprofesa. Wakati huohuo kampuni moja ya ushauri wa kihandisi imenipa ofa ya kazi, na mamlaka ya maji inatafuta wahandisi wachanga wa kujitolea mwaka mmoja kwenye mtambo wake. Nyumbani wananicheka, wananiita "profesa wa vyoo". Naomba uniambie ukweli: maisha ya profesa wa fani hii yakoje, njia ni ndefu kiasi gani, na ungekuwa mimi ungechagua lipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye tarehe ya kujibiwa. Ningekuwa wewe ningeenda kwenye mtambo. Najua ndiyo nafasi yenye posho ndogo kuliko zote tatu, na ndiyo itakayowapa watu wa nyumbani kicheko cha mwaka mzima. Mwalimu wako naye huenda asifurahi. Lakini nimekaa kwenye fani hii zaidi ya miaka ishirini na mitano, nimesimamia wanafunzi wa kila aina, na wale waliokuja kwangu wakiwa wameshachafuka mikono huwa nawatambua ndani ya wiki ya kwanza. Maswali yao ni mengine kabisa.

Hilo la kuitwa profesa wa vyoo, zoea. Mwanangu mwenyewe aliwahi kuandika kwenye insha ya shule kwamba baba yake "anafundisha uchafu", na mwalimu akamsahihisha tahajia tu.

Sasa kwa nini mtambo. Kwenye fani yetu sehemu kubwa ya kazi hufanywa na viumbe hai. Sisi wahandisi tunajenga matangi, tunapuliza hewa, tunapiga hesabu za pampu na mabomba, lakini anayekula uchafu ni bakteria. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett, wakemia wa mtambo wa Davyhulme kule Manchester, walitangaza jambo ambalo mpaka leo limebeba mitambo mingi mikubwa duniani. Walikuwa wakipuliza hewa ndani ya chupa za majitaka. Mara ya kwanza zilipita wiki kadhaa kabla amonia yote, ile kemikali kali inayonuka mkojo, haijageuka naitreti. Mazoea yalikuwa kwamba jaribio likiisha unamwaga kila kitu, unaosha chupa, unaanza upya. Wao wakamwaga maji ya juu tu, wakabakiza tope lililotuama chini, wakajaza majitaka mapya na kupuliza tena. Wakarudia hivyo mara nyingi, na kila mara muda ukapungua, mpaka kazi ya wiki ikawa inaisha ndani ya siku moja. Lile tope walilobakiza lilikuwa jeshi la bakteria waliokwisha kuizoea kazi. Ndilo tunaloliita tope hai.

Tazama walikuwa nani. Wazo lilichochewa na Gilbert Fowler, mtu wa chuo kikuu aliyekuwa pia akiushauri mji huo, baada ya kutembelea kituo cha majaribio cha Lawrence huko Massachusetts mwaka 1912. Lakini waliosimama na chupa siku baada ya siku walikuwa waajiriwa wa mtambo. Visa vya namna hii vimejaa kwenye fani yetu. Gatze Lettinga wa Wageningen, Uholanzi, alikuza tangi lake lisilohitaji hewa, lile ambalo majitaka huingia kwa chini na kupanda kupitia blanketi la tope, kwa kulijaribu kwenye kiwanda cha sukari miaka ya 1970. Hakulikatia hataza, na leo matangi hayo yako kila bara. James Barnard, miaka hiyohiyo, aliona fosforasi ikipotea kwenye mtambo wa majaribio Pretoria bila mtu kuweka kemikali yoyote, akaanza kuuliza kwa nini. Na bakteria wanaounganisha amonia na naitriti kuwa gesi ya naitrojeni pasipo oksijeni walitabiriwa kwa hesabu na Engelbert Broda mwaka 1977, watu wakasoma, wakaweka kando. Walipatikana miaka mingi baadaye kwenye tangi la majaribio la kiwanda cha hamira mjini Delft, Uholanzi, pale Arnold Mulder alipoona amonia inapungua mahali ambapo, kwa vitabu vya wakati ule, haikupaswa kupungua.

Mtu ambaye hajawahi kuuona mtambo ukifanya kazi vizuri hawezi kujua kwamba alichokiona ni cha ajabu. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosa, na sijitoi.

Nilipoanza uzamivu nilikabidhiwa takwimu za miezi minane za mtambo mmoja ambao sitautaja. Kazi yangu ilikuwa kuutengenezea modeli ya kompyuta. Modeli ile ya kimataifa ya tope hai, iliyotolewa mwaka 1987, nilikuwa nimeikariri: vitu 13, michakato 8, na nilijiona mjanja sana. Tatizo, kila nikiingiza kiasi cha hewa kilichopulizwa, modeli inaniambia tangi lina oksijeni tele, ilhali kumbukumbu za mtambo zinasema haifiki hata miligramu moja kwa lita. Nikahangaika. Mwisho nikaandika sura nzima ya tasnifu kueleza kwa nini hewa haiyeyuki vizuri kwenye majitaka ya mji ule. Nikalaumu sabuni, nikalaumu mafuta, nikachora grafu nzuri sana.

Siku nilipokwenda kupiga picha za kupamba sura hiyo, mzee mmoja mwendesha mtambo akaniuliza naandika nini. Nikamweleza. Akanitazama, akavuta kitambuzi cha oksijeni kutoka tangini. Kilikuwa kimevaa utando wa kahawia, mzito kama kidole, unateleza. Bakteria walikuwa wamejenga juu yake na walikuwa wanaila oksijeni kabla haijafika kwenye kipimo. Akachukua brashi ya kufulia, akakisugua, akakirudisha majini. Namba ikapanda mbele ya macho yangu: 1, 2, ikapita 4. "Hiki huwa nakiosha nikikumbuka," akasema, kisha akaenda zake kula. Miezi minane ya takwimu, na mashine za kupuliza hewa zilikuwa zinaunguza umeme usiku na mchana kwa sababu ya uchafu kwenye ncha ya kifaa. Sura yangu ikaenda kwenye pipa. Mzee yule hakuwa na cheti cha maana, na ndiye mhakiki mkali kuliko wote niliowahi kupata.

Kwa hiyo mwaka wako mmoja pale utajifunza nini? Kwanza watakupa silinda ya lita moja. Utachota tope kutoka tangi la hewa, utajaza silinda, utaiweka mezani na kusubiri dakika 30 bila kuigusa. Tope likiwa zima utaliona likijikusanya kuwa mabonge madogo, likishuka kwa pamoja kama pazia, juu yake maji yanabaki maangavu. Tuseme limetulia kwenye mililita 240, na maabara inakwambia lita ile ina gramu 3 za tope kavu. Gawa: kila gramu inachukua mililita 80. Mtambo umelala salama. Ukipata zaidi ya 150 anza kuwa na wasiwasi; ikipita 200, pengine wiki hii tope litafurika juu ya ukingo wa tangi la kutuamisha na kwenda mtoni. Chini ya hadubini utaona sababu: vijidudu virefu kama nyuzi vimetoka nje ya mabonge na kuyazuia yasikaribiane. Utajua majina ya wakazi wengine pia. Yupo mmoja kama kengele iliyosimama kwenye kikonyo, ukigonga kioo kikonyo kinajikunja kama springi. Ukimwona kwa wingi furahi. Na utaijua harufu. Tope zuri linanuka udongo uliopigwa na mvua. Nikiingia kwenye mtambo, pua hunipa nusu ya majibu kabla sijafungua daftari.

Pua hiyohiyo, hata hivyo, ina mahali inapokusaliti, na hapa nakusemesha kama mzazi. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza, inakaa kwenye chemba, visima vya pampu na matangi yaliyofunikwa. Ni nzito kuliko hewa. Ikifika kiasi cha sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo unadhani imekwisha kumbe imezidi. Vifo vingi vya chemba huwa vya watu wawili au watatu kwa mpigo: wa kwanza anaanguka, wa pili anaruka kumwokoa. Usiingie popote palipofunikwa kabla kipima gesi hakijashushwa kwa kamba, na asiwepo mtu wa kukushawishi kwamba "ni dakika moja tu". Chanjo za homa ya ini, taifodi na pepopunda uwe nazo kabla ya siku ya kwanza.

Turudi kwenye urefu wa njia. Uzamili ni miaka miwili hivi. Uzamivu ni mitatu kwenye karatasi, na minne au mitano kwa wengi wetu. Siku hizi vyuo vingi vinataka pia mwaka mmoja hadi mitatu ya utafiti baada ya uzamivu, mara nyingi kwenye nchi nyingine, kwa mikataba mifupi isiyokuruhusu hata kununua kabati. Ukiajiriwa unaanza mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa kamili. Wamarekani wao wanakuita profesa msaidizi tangu siku ya kwanza, halafu kwenye mwaka wa sita hivi wanakaa kikao kuamua kama unabaki moja kwa moja au unafungasha. Kwa njia yoyote ile, ukihesabu kuanzia ulipo, uprofesa kamili ni safari ya miaka kumi na mitano hadi ishirini. Ukiongeza mwaka mmoja wa mtambo hapo, hata hauonekani.

Katika fani nyingine unaweza kuharakisha kwa kulala kidogo. Yetu haikubali, kwa sababu bakteria hawana haraka. Wanaogeuza amonia kuwa naitreti wanakua polepole sana wakilinganishwa na wanaokula uchafu wa kawaida. Ukilitoa tope tangini haraka kuliko wanavyozaliana, wanaisha kabisa. Wale wa Delft niliowataja ni wazembe zaidi: kuongezeka maradufu huwachukua wiki moja mpaka mbili. Tangi la kwanza kubwa la kutumia bakteria hao, lililojengwa Rotterdam, lilianza mwaka 2002 na lilichukua miaka kama mitatu na nusu kufikia kazi iliyokusudiwa. Fikiria wewe ni mwanafunzi wa uzamivu mwenye ufadhili wa miaka mitatu, na kiumbe unayemchunguza anataka mitatu na nusu kuamka.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuza tope la aina hiyo miezi kumi na moja. Usiku mmoja mpira wa pampu ya kuingizia majitaka ulipasuka, likizo, maabara tupu. Aliporudi, tope lililokuwa na rangi nyekundu ya kupendeza lilikuwa jeusi. Alikaa sakafuni. Sikuwa na la kumwambia, nikakaa naye. Kesho yake tulimwandikia mwenzetu wa chuo kingine, akatutumia chupa ya tope lake kama mtu anavyogawia jirani moto. Alimaliza, kwa kuchelewa mwaka mmoja. Tangu siku hiyo kila tope kwenye maabara yangu lina nakala kwenye friji, na mpira wa pampu unabadilishwa kwa tarehe, haungoji upasuke. Kwa hiyo ukifikiria kuwa profesa, fikiria pia kuwa mtu wa kuamshwa saa nane usiku kwa sababu ya pampu.

Hata wiki yetu inapangwa na vijidudu. Kipimo chetu maarufu cha uchafu, kile cha oksijeni inayotumiwa na bakteria, kinasomwa baada ya siku tano kwenye giza, nyuzi 20. Inasimuliwa kwamba siku tano zilichaguliwa na tume ya kifalme ya Uingereza, iliyotoa ripoti yake mashuhuri mwaka 1912, kwa hoja kwamba mito ya kule haichukui zaidi ya hapo kufika baharini. Basi dunia nzima imebeba siku tano. Ukianza chupa zako Jumatatu utazisoma Jumamosi. Ukianza Jumanne ni Jumapili. Ndiyo maana maabara zenye akili huanza Jumatano. Mwanafunzi mgeni utamjua kwa chupa za Jumanne.

Siku zangu zinakwendaje? Si kwenye tangi, nasikitika kusema. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyokaa mbali na tope. Wiki ya kawaida nafundisha saa sita au nane, na kila saa moja ya darasani ina tatu za maandalizi na kusahihisha. Nakutana na wanafunzi wa utafiti mmoja mmoja. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Nahakiki makala za wengine bila malipo, na wengine wanahakiki zangu bila huruma. Nakaa vikao. Mungu wangu, vikao! Na nusu ya muda unaobaki naandika maandiko ya miradi kuomba ruzuku, maana maabara haijiendeshi: kuna kemikali, kuna vipuri, kuna posho za wanafunzi. Maandiko mengi hukataliwa. Ukipata moja kati ya matano wewe si mbaya. Watu wanadhani profesa ni mtu wa kufikiri. Mara nyingi ni mtu wa kuomba fedha ili wengine wafikiri.

Kwenye mapato sitakudanganya. Wenzangu waliokwenda kampuni za ushauri walijenga kabla yangu na wanaendesha magari ambayo mimi nayaona yakinipita. Profesa wa fani hii hupata kazi za ushauri za hapa na pale, kwa sababu miji na viwanda vinahitaji mtu wa kuwaambia kwa nini mtambo unatoa povu, ila chuo nacho huchukua fungu lake. Kama una wadogo wanaosubiri ada kutoka kwako, chukua ofa ya kampuni na usijilaumu; uzamili utakusubiri miaka mitatu na hautaoza. Sababu ninayoiweka kampuni nafasi ya pili, mzigo wa nyumbani ukiruhusu, ni kwamba pale utachora mitambo kabla hujauona mmoja ukiumwa. Nimekuta michoro mizuri mno ambayo haina ngazi ya kufikia vali. Na nimekuta mitambo ya vichujio vya kisasa iliyosimama kwa kukosa kipuri kimoja, mahali ambapo mabwawa matatu ya kawaida, yenye jua na muda, yangefanya kazi miaka thelathini bila umeme. Mabwawa hayaandikiwi makala za kuvutia. Ni bora uwe na mtu moyoni mwako anayekumbuka hilo kabla hujaanza kutafuta makala.

Je, kuna kazi iliyobaki ya kufanya, au waliotangulia wameshamaliza? Ipo, na nyingine hatukuiona ikija. Kwenye mtambo wa tope hai, kupuliza hewa peke yake mara nyingi kunakula nusu ya umeme wote au zaidi, kwa hiyo kila anayepunguza hewa bila kuharibu maji anasikilizwa. Ukipunguza vibaya, bakteria walewale wanaanza kutoa naitrasi oksaidi, gesi inayopasha joto dunia mara 273 ya kaboni dayoksaidi, uzito kwa uzito, kwa kipimo cha miaka 100. Hapo nahisi kuna tasnifu ishirini zinasubiri wenyewe. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha sheria inayoidai mitambo mikubwa hatua ya nne, ya kuondoa mabaki ya dawa na vipodozi, na kuwabebesha watengenezaji wa bidhaa hizo sehemu kubwa ya gharama. Matokeo yake wakemia wetu hawalali. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, imekuwa ikirudisha majitaka yaliyosafishwa kwenye maji ya kunywa tangu 1968, na miji mikavu mingine sasa ndiyo inakwenda kujifunza huko. Mwanzoni mwa 2020 watafiti wa Uholanzi walipata chembe za kijenetiki za virusi vya korona kwenye majitaka, na ghafla watu wa tiba wakaanza kutupigia simu, watu ambao zamani walikuwa wakikunja pua. Kisha kuna kazi kubwa kuliko zote isiyo na mvuto: sehemu kubwa ya watu duniani haijaunganishwa na bomba lolote la majitaka, uchafu wao uko kwenye mashimo na matangi, na unapovutwa na gari mara nyingi hakuna mahali pa maana pa kuumwaga. Ningekuwa na miaka 24 ningeingia huko. Lakini hilo chagua baada ya mwaka wako wa mtambo, mada itakuwa imekuchagua yenyewe.

Hukuuliza kama fani ni ya wanawake, na nimefurahi hukuuliza. Kama kuna atakayekuuliza, mwambie Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kuhitimu MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1873, alifundisha kemia ya maji na usafi kwa wahandisi wa kizazi cha kwanza cha fani hii, na alisimamia upimaji wa maji ya jimbo zima la Massachusetts. Wengi waliokuja kusifiwa walipitia maabara yake.

Sasa mwalimu wako. Usimkatalie, mwombe akungoje mwaka, na umwambie utakuja na swali kutoka mtamboni. Msimamizi mzuri atafurahia, kwa sababu kupata mwanafunzi ni rahisi na kupata swali ni shida. Akikasirika, umejifunza jambo juu yake kabla ya kufunga naye ndoa ya miaka mitano. Muulize mapema ni nani atalipia kemikali na posho yako, na kwa miaka mingapi, na akuoneshe barua. Muulize wanafunzi wake wa mwisho walimaliza kwa muda gani na wako wapi sasa. Kisha watafute wao wenyewe uwasikilize, maana maneno ya msimamizi huwa mazuri. Muulize mtambo gani unaofanya kazi naye, na mara ya mwisho alifika lini. Jibu la hilo la mwisho likiwa refu sana, lina tatizo.

Wewe mtamboni weka daftari la karatasi. Andika tarehe, hali ya hewa, rangi ya povu, harufu, namba ya silinda, pampu gani ilizimika na nani aliyejua kwa nini. Usiandike kwenye simu, itadondoka tangini; yangu mbili ziko huko. Watu wa zamu ya usiku ndio wanaoujua mtambo kuliko meneja, kwa hiyo omba angalau mwezi mmoja wa usiku. Na osha vitambuzi.

Kabla hujamjibu mwalimu wako, nenda ukaitembelee maabara yake bila kutangaza sana. Nenda Jumatatu asubuhi, saa mbili, siku ambayo chupa za Jumatano zinasomwa. Tazama nani yupo pale akizisoma, kama pampu zinanguruma, na kama kuna tope lolote hai ndani ya nyumba ile.